Mto Zigi, Juni 1998

Watu wa Tanga wa umri wangu tumekunywa maji ya mto Zigi maisha yetu yote. Tumeyakinga bombani, tumejaza mapipa, tumepikia, tumeogeshea watoto. Ukimuuliza mtu yanatoka wapi, atakwambia Mabayani, bwawani, na swali limekwisha. Nami nilikuwa hivyo hivyo mpaka Juni 1998. Nilikuwa mwalimu kijana wa biolojia, na wanafunzi wa Malihai, klabu ya wanyamapori ya shule, walinibana mpaka nikakubali kuwapeleka Amani wakati wa likizo.

Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilikuwa imetangazwa mwaka uliotangulia, ya kwanza ya aina yake nchini: hekta 8,380 za msitu katika Usambara Mashariki. Magazeti yaliandika kidogo. Wageni walikuwa wachache mno, na barabara ya kutoka Muheza ilikuwa imechimbwa na mvua za El Nino za miezi iliyopita. Lori lililokuwa likipanda kufuata chai lilitupakia, watoto wakiimba huku wameshikilia mabomba. Kila tulipovuka kijito dereva alisema, "Hicho nacho kinaingia Zigi." Mwanzoni tulicheka. Baadaye tukaanza kuvihesabu.

Tulishuka Zigi penyewe, chini ya mlima, palipokuwa na stesheni ya reli ya Wajerumani. Reli ile ilijengwa ili kuteremsha mbao, nayo ilikwishang'olewa zamani. Jengo lilibaki, na nyuma yake mto unapita juu ya mawe makubwa. Tulipokelewa na mzee wa Kisambaa aliyekuwa akiongoza wageni. Watoto walimwita Babu, mimi nikamwita Mzee, naye hakuniita jingine ila Mwalimu.

Tulikuwa na darubini moja tu. Niliiazima kwa jirani aliyestaafu bandarini. Ilikuwa nzito, ya kuangalizia meli. Nilidhani ndiyo itakayotuonyesha ndege. Lakini msitu wa Amani haukupi ndege kwa macho. Miti inapanda mita thelathini, arobaini, majani yamefunga juu, na chini kuna kiza cha kijani asubuhi nzima. Saa ya kwanza tuliona utando wa buibui, jongoo na vinyonga. Watoto wakaanza kunung'unika.

Mzee akatuketisha kando ya mto, akatuambia tufumbe macho. Ilichukua muda mpaka masikio yakauzoea mvumo wa maji na kuanza kutenganisha kilicho nyuma yake. Kulikuwa na sauti nyembamba, ya haraka, juu kabisa. Nyingine nzito ya shorobo, ikijibiwa kutoka ng'ambo. Na kitu kikigonga gome. Mzee alinyoosha kidole kuelekea kila sauti kabla hatujaisikia vizuri, akaitaja kwa Kisambaa, akasema anakula nini na anajenga kwenye mti gani. Tangu siku ile nimefundisha wanafunzi wengi kutazama ndege, na somo la kwanza huwa lile: kaa, nyamaza, fumba macho. Orodha na vitabu vya picha vinafuata baadaye.

Mtoni tulibahatika. Mdiria wa buluu alipita chini chini juu ya maji, akatua kwenye tawi, akatusubiri wote tumwone. Juu ya mwamba wenye unyevu, kivulini, palikuwa na maua madogo ya zambarau yenye majani ya manyoya. Nikawaeleza watoto kwamba mwaka 1892 mtawala Mjerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alituma mbegu za ua kama hili Ulaya, na leo linauzwa kwenye vyungu duniani kote. Msichana mmoja aliuliza kama Tanga ililipwa chochote. Sikuwa na la kumjibu zaidi ya hapana.

Tulipokuwa tukipanda ndipo tulipowakuta hondohondo. Unawasikia kabla hujawaona, mabawa yao yanavuma kama treni ya zamani inayoachia mvuke. Walikuwa kundi zima kwenye mti mrefu mwembamba, wakila matunda. Watoto walishangilia, nami pia. Mzee hakushangilia. Alisema mti ule si wa pale. Ni Maesopsis, asili yake Bukoba na Uganda, ulipandwa Amani enzi za wakoloni. Hondohondo anapenda matunda yake, anameza, anaruka mbali, anaziacha mbegu katikati ya msitu. Pakiwa na kivuli kizito mche hausumbui sana. Penye uwazi unakimbia kuliko miti yote ya asili, na baada ya miaka michache umepatwaa.

Nikamuuliza uwazi ule ulitoka wapi. Akajishika kifuani. Miaka ya 1970 na 1980 mbao zilivunwa sana milimani pale, kwa mashine na kwa misumeno ya mkono, naye alikuwa mmoja wa wapasuaji. "Tulikata mitambara ambayo babu zangu waliikuta imesimama, Mwalimu. Sisi tulifungua mlango, ndege akamleta mgeni." Alisema wazi, mbele ya watoto, bila kutafuta wa kumlaumu. Alikuwa na watoto wa kulisha na ile ndiyo ilikuwa kazi. Nilimheshimu zaidi kwa hilo kuliko kwa majina yote ya ndege aliyoyajua.

Karibu na mchana ile sauti nyembamba ilirudi, safari hii juu ya mti ulioegemea bondeni, kwa hiyo kilele chake kilikuwa karibu usawa wetu. Nikamwona kwa darubini: chozi mdogo, kichwa na mgongo vya kijani cheusi kinachometa, tumbo jeupe. Alikuwa chozi wa Amani. Ndege huyu anaishi katika misitu michache tu ya Tanzania na Kenya, Arabuko-Sokoke ikiwa mojawapo. Nikampa Mzee darubini. Alikuwa hajawahi kushika darubini. Sauti ile ameijua tangu utoto, lakini ndege mwenyewe siku zote alikuwa kitu cheusi kinachorukaruka juu majanini. Alitazama kwa muda mrefu sana. Watoto walipanga foleni nyuma yake na hakuna aliyemharakisha. Aliposhusha mikono alisema tu, "Kumbe tumbo lake jeupe."

Wakati wa kuteremka, kijana mmoja alimuuliza kama ni kweli maji ya Tanga yanatoka pale. Mzee akasema ndiyo, na kwamba kwa ajili ya maji hayo wao wameanza kukatazwa kulima iliki chini ya miti. Hakupinga. Alijua vijito hukauka msitu unapofyekwa chini. Alitaka tu anayekunywa ajue.

Sikumwona tena. Miaka michache baadaye wakulima wa iliki wa Derema, jirani na hifadhi, walitakiwa kuyaacha mashamba yao ili vipande vya msitu viungane, na mabishano ya fidia yakaendelea miaka mingi. Naunga mkono kuunganishwa kwa msitu ule. Bila hivyo ndege kama chozi yule hubaki kwenye visiwa vya miti. Lakini kwa familia iliyotegemea iliki kwa karo na dawa, kusubiri fidia ni njaa. Wakulima wa bonde la Zigi wameunda ushirika wao, UWAMAKIZI, wa kutunza mto na vyanzo vyake. Bili ya maji inapofika kwangu huisoma mpaka chini. Ingekuwa haki sehemu yake iandikwe wazi kuwa ni ya watu wa mlimani, nami ningeilipa bila kunung'unika.