Umeme wa Kubeba Njiani: Lubumbashi Mpaka Kolwezi



Ukitoka Lubumbashi na kushika barabara ya Likasi, ni karibu km 120. Kiisha, kupita Fungurume mpaka Kolwezi, ni karibu km 180 ingine. Njiani utaona nguzo kubwa za chuma zikipita juu ya pori na vijiji. Zinapeleka umeme kwa kompani za shaba. Kwenye mto Lualaba, mabwawa ya Nzilo na Nseke yanatoa umeme tangu miaka ya 1950, na toka Inga waya wa karibu km 1,700 unafika Kolwezi. Lakini vijiji vingi chini ya zile waya viko katika giza. Mama anapika na makala, mtoto anasoma na kataa kadogo. Umeme unawapita juu ya kichwa.

Basi, kundi la wainjilisti wanaozunguka vijijini na kombi, wakilala ndani yake majuma mawili ao matatu, linapashwa kubeba umeme wake lenyewe. Vilevile shofere wa kamio anayengoja siku mingi pale Kasumbalesa. Wachague nini?

Usianze na duka, anza na hesabu. Katika Luka 14 Bwana Yesu anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: anaketi kwanza na kuhesabu gharama. Kamata karatasi. Andika wati za kila chombo, zidisha na saa zake za kazi. Taa ya LED ya wati 5, saa 5: ni 25. Simu tatu: karibu 45. Kipaza sauti cha wati 50, saa 2: ni 100. Jumla ni 170 kwa siku. Hizi tunaziita wati-saa.

Sasa batri. Usiwashe taa na muziki usiku kucha na batri ya motokari yenyewe. Ile imetengenezwa kwa kuwasha injini tu; asubuhi injini itakataa, na ninyi mko mbali na fundi. Tafuta batri ya pili. Batri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 iko na wati-saa 1,200, lakini usitumie kupita nusu, kama sivyo itakufa mbio. Ile nusu, 600, inakutosha siku tatu bila jua.

Batri ya lithiamu ni nyepesi, na unaweza kutumia karibu yote, lakini bei yake ni nguvu. Uliza ni ya aina gani. Kuna yenye kobalti, na kuna ya chuma na fosfati isiyo na kobalti hata kidogo. Hii ya pili inavumilia joto vizuri zaidi na inadumu miaka mingi. Wandugu, zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka katika inchi yetu. Jiwe linachimbwa Kolwezi, linavuka bahari, kiisha linaweza kurudi ndani ya batri tunayouziwa bei kali!

Paneli ya jua ya wati 100 inatosha kwa hesabu yetu. Wakati wa kiangazi, ukipata saa 5 za jua kali, tegemea 350, si 500, sababu nguvu zingine zinapotea njiani. Wakati wa mvua tegemea nusu ya hiyo. Pangusa vumbi kila asubuhi, na usiegeshe chini ya mwembe: kivuli kidogo juu ya kipande kimoja kinapunguza umeme mingi. Usisahau regulateri kati ya paneli na batri, na fuzi karibu na batri, ili waya usiwake moto.

Wengine watasema: tununue jenereta ya esanse. Inafaa kwa mkutano mkubwa, lakini sikiliza vizuri. Usiiwashe hata siku moja ndani ya kombi wala karibu na madirisha watu wakilala. Moshi wake uko na sumu isiyo na rangi wala harufu. Mbabula ya makala ni vilevile: wakati wa baridi ya mwezi wa sita wengine wanaiingiza ndani ili wapate joto. Watu wanalala, hawaamki tena. Wazazi, waambieni watoto wenu neno hili mbele ya safari. Baridi inashindwa na blanketi.

Mwisho, ukifanya hesabu yako, ongeza wati-saa 30 kwa ajili ya mwenyeji wako. Jaza simu yake, acha taa moja iwake saa mbili pale uani ili watoto wasome. Katika kijiji ambacho waya zinapita juu tu, hiyo nayo ni kuhubiri.

Bwana awalinde njiani.