Cheti Kinachovuka Bahari

Elimu ya Kiislamu katika mwambao wetu haijapata kuwa elimu ya mji mmoja. Maulamaa waliotutangulia walisafiri kwenda Hadhramaut, Makka na Misri, na vijana wa Ngazija walivuka bahari kuja kusoma Unguja. Aliyehitimu alipewa ijaza, nayo ilitaja kitabu alichokisoma, mwalimu aliyemsomesha, na walimu wa mwalimu huyo. Alikokwenda, waliweza kujua mara moja amefikia wapi. Tunaanza na habari hii kwa sababu sisi wenyewe tuliisahau, na aliyelipa gharama ya usahaulifu huo ni mwanafunzi.

Tulipokabidhiwa uongozi wa shule moja ya Kiislamu katika mwambao wa Kenya, tulikuta walimu waliosomea nchi mbalimbali: mmoja Misri, mwingine Saudia, wa tatu Sudan. Kila mmoja alirudi na vitabu vyake. Tulijivunia jambo hilo, tukawaambia wazazi kwamba shule yetu ina uso wa kimataifa. Kwa hakika, mtoto aliyesoma nahau kwa kitabu kimoja darasa la tano alikutana na kitabu kingine darasa la sita, akaanza upya. Pia tulipokea kila sanduku la vitabu tuliloletewa na wafadhili, bila kuuliza vitamfaa nani.

Mwanafunzi wetu mmoja hodari aliomba nafasi katika chuo cha nje. Barua ikaja kutuuliza: amesoma vitabu gani, kwa vipindi vingapi kila wiki, na kwa miaka mingapi? Tulifungua makabati. Daftari za mahudhurio zilikuwa na majina. Daftari za mitihani zilikuwa na alama. Mengine walimu wawili walikuwa wameondoka nayo. Tulijibu kwa maneno mazuri yasiyo na ushahidi. Kijana akarudishwa nyuma miaka miwili. Baba yake hakutugombeza. Alituuliza tu: "Maalimu, miaka miwili hiyo mwanangu alikuwa akija kwenu kufanya nini?"

Baada ya swali hilo tuliwaita walimu wote, tukakubaliana mambo matatu. Kwanza, kila somo liwe na kitabu kimoja kwa kila darasa. Mwalimu aliyetoka nje anakaribishwa kupendekeza kingine, lakini mabadiliko yaanze mwanzo wa mwaka na kwa idhini ya kikao. Pili, kila Ijumaa kabla ya sala, mwalimu aandike katika daftari ya kazi aliyoyasomesha wiki ile, na daftari hiyo ikae ofisini, isiende nyumbani. Tatu, nyuma ya cheti paorodheshwe masomo, vitabu na vipindi, kwa Kiarabu, Kiswahili na Kiingereza.

Jambo la pili lilileta ubishi. Mwalimu mmoja mzee aliona kwamba anatiliwa shaka. Hatukumjibu kwa kanuni; tulimwomba atuonyeshe ijaza yake. Aliileta siku ya pili, akatusomea kila jina na kila kitabu. Alipomaliza alinyamaza kidogo, kisha akaomba kalamu. Tangu siku hiyo daftari yake ndiyo iliyokuwa safi kuliko zote.

Milango ya dunia imefunguka. Sheria ya mwaka 1961 iliiongezea Al-Azhar vitivo kama vya utabibu na uhandisi. Mkutano wa Makka wa mwaka 1977 ulizungumzia namna ya kuondoa ukuta kati ya elimu ya dini na elimu nyingine. Mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Kiislamu kilianza kazi Mbale, Uganda, karibu kabisa na sisi. Lakini hakuna mlango unaofunguka kwa karatasi iliyo bubu.

Hatupingi msaada wa nje, wala hatudharau elimu ya walimu waliosafiri. Bila ya wao tusingekuwa na shule. Tunalosema ni kwamba shule haiwi ya kimataifa kwa wingi wa mihuri na wageni. Huwa hivyo pale mtoto wake anapoweza kwenda popote na mwalimu asiyemjua akaweza kuendelea naye pale tulipomwachia. Basi, ndugu walimu, kabla hatujaandika barua nyingine ya kuomba ufadhili, na tufungue makabati yetu tutazame kilichomo.