Farasi wa Troy Yupo, Ila ni Yule wa Sinema

Ukishuka kwenye kivuko pale mjini Çanakkale, kaskazini magharibi ya Uturuki, fuata barabara ya ufukweni. Huna haja ya kumuuliza mtu. Utamwona mwenyewe amesimama, mweusimweusi kama mbao zilizoponea moto, mrefu kama nyumba ya ghorofa tatu. Ndiye yule yule bwana! Farasi wa picha la "Troy", lile la Brad Pitt la mwaka 2004. Walipomaliza kupiga sinema, mji ukapewa farasi, na hadi leo watalii wanapanga foleni kupiga naye picha.

Sasa sikia kichekesho. Sinema yenyewe haikupigwa Uturuki. Walipigia Malta na Mexico. Kwa hiyo huyu farasi alifika kwao kama mgeni, tena ndani yake ni chuma na faibaglasi, siyo mbao tupu kama unavyodhani. Lakini nani anajali? Nilikaa pale na kiglasi changu cha chai ya rangi na mkate wao wa ufuta wa duara, nikahesabu maharusi wawili waliokuja kupigwa picha chini ya kwato zake.

Wale mliokulia uswahilini mtanielewa kwa nini nilitoka mbali kumwona. Picha hili nililiona mara ya kwanza kwenye kibanda umiza, mabenchi ya mbao, feni moja, joto la kufa mtu. Na kibandani kuna sheria moja isiyovunjwa: steringi hafi. Ukiona mtu amekufa, basi hakuwa steringi. "Troy" lilituletea balaa. Nusu ya kibanda walisema steringi ni Achilles, maana ndiye Brad Pitt na ndiye aliyeko kwenye karatasi ya nje. Nusu nyingine tukasema hapana, steringi ni Hector, kaka mtu, ana mke, ana mtoto mchanga, anapigania mji wao. Wakafa wote wawili. Jamaa mmoja alidai arudishiwe kiingilio.

Kutoka Çanakkale mpaka Troy yenyewe ni kama kilomita 30. Unapanda dolmuş, yaani daladala ya Kituruki, ila haina konda. Nauli unampa wa mbele yako, naye anampa wa mbele yake, mpaka imfikie dereva, na chenji inarudi njia hiyo hiyo bila hata shilingi kupotea. (Nilijaribu kuwaza utaratibu huo kwetu nikacheka peke yangu.) Gari inakushusha kijiji cha Tevfikiye, karibu na jumba la makumbusho lililofunguliwa 2018, boksi kubwa la chuma chenye rangi ya kutu. Ingia humo kwanza kabla hujaenda kwenye magofu, la sivyo hutaelewa kitu.

Maana magofu ni madogo, jamani. Kwenye sinema ukuta unagusa mawingu na mbele yake kuna jeshi lisilo na mwisho. Kilima cha Hisarlık unakizunguka kwa miguu kabla jasho halijakutoka sawasawa. Ila simama hapo kwenye ukuta wa mawe ulioinama kidogo kwa nje, uuguse. Huo sio faibaglasi. Watu walijenga mji juu ya mji, matabaka makubwa tisa, kila wakiungua au wakibomokewa na tetemeko wanasawazisha wanaanza upya.

Halafu akaja Mjerumani, Heinrich Schliemann, miaka ya 1870. Huyu alikuwa tajiri mwenye haraka. Akachimba handaki katikati ya kilima akiutafuta mji wa mfalme Priam, na njiani akapitiliza tabaka ambalo wataalamu wengi leo wanaona ndilo lenyewe. Mwaka 1873 akaibuka na dhahabu, akaitangaza kuwa hazina ya Priam, akaitorosha nje ya nchi. Ikaja kuonekana ile dhahabu ni ya zamani zaidi ya vita hivyo kwa miaka kama elfu moja! Ikakaa Berlin, mwaka 1945 jeshi la Urusi likaibeba, na sehemu kubwa yake iko Moscow. Hapo ndipo ungetegemea mtu atengeneze sinema, lakini wapi.

Kitu kingine kilichonishangaza ni bahari. Haipo. Kwenye picha Achilles anaruka kutoka kwenye jahazi na dakika chache baadaye yuko chini ya ukuta. Leo ukisimama juu ya kilima unaona mashamba tu, bahari imekimbia kilomita kadhaa, kwa sababu mito imeleta tope karne baada ya karne mpaka ghuba ikajaa.

Turudi kwenye picha sasa. Mwongozaji, Wolfgang Petersen, alipewa dola milioni 175 hivi, na hela inaonekana. Pambano la Hector na Achilles mbele ya geti bado ni moja ya mapigano bora ya mkuki na ngao niliyowahi kuona. Hakuna muziki wa kelele, ni miguu na vumbi. Lakini hadithi aliikatakata kama nyama ya mishkaki. Vita ya miaka kumi imekuwa ya wiki chache. Miungu, ambao kwa Homer ndio wanaochochea kila kitu, wametupwa nje. Menelaus, mwenye mke aliyechukuliwa, anauawa na Hector, wakati kwenye hadithi za Wagiriki anamchukua Helen wake wanarudi nyumbani. Agamemnon anachomwa kisu na binti mateka, wakati sote tunajua alimalizwa na mke wake alipofika kwake. Hilo la mwisho sikulisamehe. Mtu amemtoa binti yake kafara ili upepo uvume, anarudi akidhani mambo yamekwisha, mama mtoto anamsubiri. Hiyo ni hadithi ya mtaani kabisa, na mtu wa sinema anaitupa!

Penye haki nitampa haki yake. Kisigino. Hadithi ya shujaa asiyepenya silaha isipokuwa sehemu moja sisi tunayo: Fumo Liyongo na sindano ya shaba ya kitovuni, iliyoshikwa na mwanawe mwenyewe. Petersen hakutaka uchawi kwenye picha lake. Alichofanya ni hiki: mshale wa kwanza unampata Achilles kisiginoni, inayofuata inamkaa kifuani, naye anaichomoa ile ya kifuani mmoja mmoja. Wenzake wanamkuta amelala na mshale mmoja tu, wa kisiginoni. Unaona jinsi uvumi unavyozaliwa? Hapo nilimvulia kofia. Na kwa taarifa yako, Brad Pitt aliumia kweli kano ya kisigino, ile ile inayoitwa kwa jina la Achilles, wakati wa kupiga picha hilo.

Lakini tukio lililonipeleka Uturuki si la upanga. Ni usiku, mzee Priam, yaani Peter O'Toole, anaingia peke yake kwenye hema la Achilles na kuibusu mikono iliyomuua mwanawe. Anaomba maiti akazike. Kibandani siku ile hata wauza karanga walinyamaza. Hilo halikubuniwa Hollywood, limo kwa Homer, na ndiko Iliad inakoishia: mazishi ya Hector. Farasi hamna. Farasi anasimuliwa kwenye vitabu vingine. Yaani mji mzima unajivunia mnyama ambaye hayumo kwenye kitabu chenyewe!

Ukipata siku ya pili, vuka upande wa Gallipoli. Huko mwaka 1915 Waingereza, Wafaransa, na vijana wa Australia na New Zealand walitaka kupenya mlango huu wa bahari, Waturuki wakawazuia. Moja ya manowari za Kiingereza zilizopiga mizinga hapo iliitwa Agamemnon. Sikutunga mimi, ndilo jina lake. Makaburi yamejaa umri wa miaka 18, 20, 22. Tarehe 24 Mei mwaka huo, maiti zikiwa zimezidi kati ya mahandaki na harufu haivumiliki, pande mbili zikakubaliana kusimamisha vita kwa saa kadhaa kila mtu azike wake. Jioni wakarudi mahandakini, risasi zikaendelea.

Kivuko cha kwenda Eceabat kinachukua kama nusu saa. Beba koti, upepo wa pale si wa Kigamboni. Na ukirudi, tafuta helva yao ya jibini, ule ikiwa ya moto. Picha nalo kama utalitafuta, chukua lile refu lililotoka 2007, dakika 196, na usisinzie kabla mzee hajafika hemani.