Kitufe Kimoja, Maana Mbili

Bila shaka unavikumbuka vitawe. Paa ni mnyama, paa ni sehemu ya juu ya nyumba, na ndege naye hupaa. Sikio husikia neno moja tu. Tarakilishi nayo ina vitawe vyake, na wakati mmoja nusura vimponze mwenzetu aliyekuwa kidato cha kwanza.

Mashairi ya chama tunayachapa kwa Vim, programu ya kuhariri maandishi aliyoitoa Mholanzi Bram Moolenaar mwaka wa 1991. Bwana huyu si mgeni kwetu watu wa ziwa. Mwaka wa 1994 alikwenda kujitolea Kibaale, kusini mwa Uganda, na hadi alipofariki mwaka wa 2023 aliwaomba watumiaji wa Vim wawasaidie watoto wa huko.

Basi, katika saiba moja hapa Kondele, mwenyekiti wetu alipanga kwamba ukishika Ctrl na kubonyeza Enter, jina la chama lijiandike. Pale kuna madirisha na kipanya, ikakubali bila taabu. Lakini mashine kuukuu ya shuleni ina terminali tu, ile skrini nyeusi ya maandishi matupu. Mdogo wetu akabonyeza, wapi! Mstari ukashuka tu. Akabonyeza tena, hola. Watu wakaanza kusema hajui kitu, atolewe kwenye uchapaji.

Roho iliniuma, kwa maana kosa halikuwa la vidole vyake. Programu ya madirisha huambiwa kila kitufe kilichoshikwa. Terminali ya kawaida hutumiwa namba tu, kwa utaratibu uitwao ASCII, wa mwaka wa 1963. Enter ni 13, na ukiongeza Ctrl mara nyingi inabaki 13 ile ile. Hata Ctrl na M ni 13. Hesabu A, B, C hadi M uone mwenyewe. Ctrl na I ni 9, sawasawa na Tab.

Nilimwomba mwalimu mlezi tuihamishe kazi hiyo kwenye F5, kitufe chenye alama yake pekee pande zote mbili. Ikakubali papo hapo, na kijana akabaki mchapaji wetu.

Wenzangu, haraka haraka haina baraka. Kabla ya kumwita mtu mjinga, uliza kwanza mashine yenyewe imesikia nini.