Mgeni wa Siku ya Tatu

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu methali hii huchukuliwa kuwa ni onyo kwa mgeni mvivu, lakini ndani yake imo heshima pia. Aliyepewa jembe amekwisha kuwa mtu wa nyumba: hapikiwi tena vya kupendezea, hula wanachokula wenyeji, na huambiwa yale ambayo mgeni wa jana hakuambiwa. Ndivyo ilivyo kwa msafiri arudiye Korea ya Kusini kwa mara ya pili.

Safari ya kwanza ilimpa vya mgeni. Alikula nyama ya ng'ombe iliyorowekwa katika sosi ya soya, sukari na kitunguu saumu, ikachomwa mezani mbele ya macho yake. Alikula bibimbap ya Jeonju, wali uliopambwa kwa mboga za rangi mbalimbali na kuchanganywa na rojo la pilipili. Alikula kimchi kila mlo, asubuhi hata usiku. Vyote hivyo ni vitamu, na hapana haya kuvipenda. Ila ni vyakula vinavyomfuata mlaji alipo. Siku hizi humkuta hata Nairobi na Dubai. Safari ya pili ina vyakula vyake, navyo hutaka kufuatwa vilipo, na nyuma ya kila kimoja pana watu waliokihifadhi.

Cha kwanza ni naengmyeon, yaani tambi baridi. Hufanywa kwa unga wa bakwiti, mbegu nyeusi za pembe tatu ziotazo hata kwenye ardhi duni ya milimani, kisha hutiwa katika supu ya nyama iliyochanganywa na maji ya figili zilizochachuliwa, supu baridi hata vipande vya barafu huelea juu yake. Pembeni huwekwa siki na haradali, na mkasi wa kukatia tambi. Mlaji wa mara ya kwanza huionja akadhani mpishi amesahau chumvi. Utamu wake hauna haraka. Huenda ukaja katika bakuli la pili au la tatu, na ukishakuja hautoki tena.

Asili ya chakula hiki ni kaskazini, Pyongyang na Hamhung, na zamani kililiwa wakati wa baridi kali. Vita vya mwaka 1950 hadi 1953 viliwasukuma watu wengi kusini, nao wakaja na mikono mitupu na kumbukumbu ya ladha. Waliofika Busan hawakupata bakwiti ya kutosha. Wakatumia unga wa ngano uliokuwa ukiletwa kwa msaada wa Wamarekani, na hapo ikazaliwa milmyeon, tambi ambazo mji huo hujivunia hadi leo. Mshairi Baek Seok, mzaliwa wa kaskazini mwaka 1912, alitunga mwaka 1941 shairi juu ya tambi za kwao, akiuliza na kuuliza tena kama mtu atoaye kitendawili. Baada ya nchi kugawanyika alibaki kaskazini, na kwa sababu hiyo mashairi yake yalizuiwa kusini hadi mwaka 1988. Shairi likazuiwa, bakuli likaendelea kuliwa.

Tarehe 27 Aprili 2018, viongozi wa pande mbili walipokutana Panmunjom, tambi za Pyongyang zililetwa mezani, na siku hiyo watu walipanga foleni mbele ya mikahawa ya naengmyeon mjini Seoul. Agosti ya mwaka huo jamaa wachache waliotenganishwa na vita walikutanishwa kwa siku chache. Tangu hapo hawajakutanishwa tena. Waliojiandikisha kusini kuomba kuwaona ndugu zao wamepita 130,000, na wengi wao wamekwisha kufariki. Katika mikahawa ya kale ya Seoul bado huonekana mzee aliyeketi peke yake, akiinua bakuli kwa mikono miwili na kunywa supu hadi tone la mwisho. Msafiri arudiye na asichelewe; tambi zitakuwapo, lakini wazee hao hawatakuwapo daima.

Mlaji Muislamu ana kazi ya ziada, maana nguruwe huingia katika mapishi mengi ya huko, na supu haitangazi kilichomo. Msikiti mkuu wa Seoul, uliofunguliwa mwaka 1976 katika kilima cha Itaewon, umezungukwa na mikahawa ya halali ambako ataweza kula kwa moyo mkunjufu. Lakini ipo njia nyingine ambayo wageni wengi huipita bila kuiona, nayo ni chakula cha mahekalu ya Kibudha. Hakina nyama wala samaki. Hata kitunguu saumu na vitunguu vya aina zote haviingii katika jiko la watawa, kwa kuwa huaminika kuitikisa nafsi ya mwenye kusali. Aliyefundishwa utotoni asiende msikitini akiwa na harufu ya kitunguu saumu kibichi hatalishangaa hilo. Hapo hulipwa kwa uyoga, mizizi ya yungiyungi, majani ya milimani, na sosi ya soya iliyolala miaka mingi ndani ya mtungi. Katika mlo wa watawa wenyewe kila mtu huwa na mabakuli manne. Akimaliza, huyasuuza kwa maji na kipande cha figili, kisha huyanywa maji hayo, isipotee hata punje.

Cha tatu kitamgusa mtu wa pwani kuliko vyote, nacho ni miyeok-guk, supu ya mwani. Mama aliyejifungua Korea hulishwa supu hii siku baada ya siku ili arudishe nguvu na kupata maziwa. Kisha kila siku ya kuzaliwa mtoto hunyweshwa supu hiyohiyo, mtu mzima vilevile, hata awe na miaka 70. Ni namna ya kukumbuka uchungu wa mama kabla ya kufurahia umri wa mwana. Mwanafunzi tu ndiye huikimbia siku ya mtihani, kwa vile mwani huteleza, naye haogopi jambo kama kuteleza. Si chakula cha karamu, na mgeni wa safari ya kwanza ni nadra kukiona. Hupatikana penye meza ya nyumbani, au katika mikahawa midogo ya pwani inayoipika kwa kome badala ya nyama.

Katika Unguja na Pemba wanawake wamelima mwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Huingia majini maji yakipwa, hufunga mbegu kwenye kamba, huanika, huuza, na mwani wenyewe husafirishwa nje kwenda kuwa ute wa kugandishia vyakula na dawa. Mwani huo ni wa jinsi nyingine na ule wa Korea. Hata hivyo mkulima wa Paje angeshangaa kusikia kwamba liko taifa ambalo jani la bahari ndilo kumbukumbu ya mama.

Kusini zaidi, katika kisiwa cha Jeju, kuna uji uitwao jeonbok-juk. Ni wali uliopikwa hadi ukalainika pamoja na jeonbok, mnyama wa jamii ya konokono wa baharini mwenye kombe moja pana ling'aalo kwa ndani. Uji halisi huwa na rangi ya kijani iliyofifia, kwa sababu matumbo ya mnyama huyo nayo huingia chunguni. Ulio mweupe kabisa ni wa kumridhisha mgeni. Huko Jeju jeonbok huibuliwa na haenyeo, wanawake wapiga mbizi wasiotumia mitungi ya hewa. Hukata pumzi, hushuka, na wakiibuka hutoa mluzi mwembamba unaosikika mbali juu ya maji. Katika miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya 10,000. Mwaka 2016 UNESCO iliutambua utamaduni wao kuwa urithi wa binadamu, na leo hawafiki 3,000, wengi wao wakiwa wamepita miaka 60. Heshima imewafikia, ila mabinti hawakuwafuata majini. Anayetaka uji huo kutoka mikononi mwao na aende mapema.

Mwisho ni samaki ambaye hata Wakorea wengi humkataa. Hongeo ni wa jamii ya taa. Huachwa hadi achache, na kwa kuwa mwili wake huhifadhi urea nyingi ambayo hugeuka kuwa amonia anapochacha, hunuka amonia kali ipandayo puani na kutoa machozi. Aliyekulia karibu na papa mkavu anayo nusu ya ujuzi unaohitajika. Desturi ni kumla kati ya kipande cha kimchi kikuukuu na cha nguruwe. Muislamu atakiacha hicho cha pili, na pombe ya mchele inayokwenda nacho, na bado hajakosa kitu cha msingi. Pa kumfuata ni kisiwa cha Heuksando, safari ya saa mbili hivi kwa boti ya kasi kutoka bandari ya Mokpo.

Katika kisiwa hicho aliishi mwanachuoni Jeong Yak-jeon, aliyehamishwa mwaka 1801 kwa sababu ya kufuata Ukatoliki. Hakuwa mvuvi, na elimu yake ya vitabu haikumfundisha jina hata moja la samaki wa mahali hapo. Akakaa na kijana wa kisiwani aitwaye Chang-dae, akamuuliza, akaandika. Mwaka 1814 akakamilisha Jasan-eobo, kitabu cha viumbe wa bahari ile, na hongeo yumo, pamoja na habari kwamba watu wa Naju walipenda kumla akiwa amechacha. Miaka miwili baadaye alikufa, hajapata ruhusa ya kurudi kwao.

Kitabu kinasomwa hadi leo, na jina la Chang-dae limo katika utangulizi. Msafiri akishuka gatini Heuksando na kuuliza kwa adabu, wavuvi watamwambia samaki gani wa kununua na yupi wa kuacha. Aulize.