Kunakili mafaili haraka kwenye kompyuta ya zamani ya DOS

Leo tunaweka pembeni mbolea na wadudu, tuzungumzie kompyuta za zamani, zile za skrini nyeusi ambazo hubofyi kitu, unaandika amri tu. Najua wapo watakaouliza, bwana shamba na kompyuta wapi na wapi? Jibu ni kwamba baadhi ya kumbukumbu za wakulima wetu bado zimo humo.

Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Masharti yalipolegezwa baadaye, mashine nyingi zilizofika maofisini zilikuwa za MS-DOS. Hapa Kiegeani niliitwa kuangalia moja ya kikundi cha wakulima, imefunikwa kitambaa miaka mingi. Ndani yake mna orodha ya miche ya minazi waliyogawiwa watu: jina, shamba na idadi. Mtu wa Mafia anaelewa uzito wa orodha hiyo. Kwetu mnazi una mwenyewe, hata pale ardhi inapokuwa ya mwingine. Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, minazi ile kapanda baba, lakini walioshuhudia wote wameshatangulia."

Diski ya mashine ile ilikuwa inagonga, dalili ya kukaribia kufa, na umeme nao haukuwa wa kutegemea. Tunaambiwa haraka haraka haina baraka, ila diski inayogonga haingojei mtu. Ukikutana na hali kama hiyo, fuata haya.

1. Elewa kwanza muda unapotelea wapi

Flopi ya inchi 3.5 inachukua baiti 1,474,560. Ina njia 80 kila upande, jumla 160, na inazunguka mara 5 kwa sekunde. Kusoma njia moja kunahitaji angalau mzunguko mmoja, kwa hiyo flopi nzima haiwezi kuisha chini ya sekunde 32, ufanye ufanyavyo. Muda unaozidi hapo mwingi ni wa kichwa cha kusomea kwenda na kurudi. Kila faili linapoandikwa, kichwa hurudi mwanzo wa flopi kuandika jina la faili na mahali lilipo. Mafaili madogo 300 yanachosha kuliko faili moja lenye ukubwa wa yote hayo.

2. Acha COPY, tumia XCOPY

COPY hushughulika na faili mojamoja: soma, andika, soma, andika. Ni sawa na kubeba nazi mojamoja kutoka shambani. XCOPY, iliyokuja na DOS 3.2 mwaka 1986, hujaza tenga kwanza: husoma mafaili mengi kadiri memori inavyoruhusu, kisha huyaandika kwa mkupuo. Ondoa pia programu zisizohitajika kwenye memori, tenga liwe kubwa. Amri nilizotumia ni hizi:

ATTRIB +A C:\MICHE\*.* /S
XCOPY C:\MICHE A:\ /S /M

Ya kwanza inaweka alama kwenye kila faili. Ya pili inanakili yenye alama tu, na kila linalokamilika linafutiwa alama. Flopi ikijaa, weka nyingine, rudia amri ileile, itaendelea ilipoishia. Hata umeme ukikatika katikati, huanzi upya.

3. Zima uhakiki, halafu linganisha mwenyewe

Andika VERIFY uone hali ilivyo. Ikiwa ON, kila kinachoandikwa hukaguliwa papo hapo na kazi inazorota. Andika VERIFY OFF. Kazi ikiisha, linganisha nakala na asili kwa FC /B, faili kwa faili kwa yale muhimu. Ukaguzi huo una maana zaidi, kwa sababu unalinganisha yaliyomo baiti kwa baiti.

4. SMARTDRV inasaidia, lakini ina masharti

Programu hii hutunza kwenye memori vitu vinavyosomwa mara kwa mara ili diski isisumbuliwe bure. Inahitaji HIMEM.SYS iwe imewekwa kwenye CONFIG.SYS. Ukiandika SMARTDRV A+ inaharakisha hata uandishi wa flopi. Hapo ndipo pa kuangalia: data inaweza kuwa bado imo kwenye memori wakati wewe unadhani imeshafika kwenye flopi. Kabla ya kuchomoa flopi au kuzima mashine andika SMARTDRV /C, usubiri taa izimike. Kama umeme wenu si wa kuaminika, iache A+ kabisa. Mimi niliiacha.

5. Funganya kabla ya kusafirisha

Orodha za zamani nyingi ziko kwenye dBASE, mafaili yanayoishia na DBF. Humo kila jina limepewa nafasi ya urefu uleule, jina fupi linajaziwa nafasi tupu. Kwa hiyo PKZIP inayabana sana, na mafaili mengi yanakuwa moja. Tengeneza nakala mbili kwenye flopi mbili, maana faili lililobanwa likiharibika mahali padogo unaweza kukosa mengi.

Usifanye hivi: usiendeshe DEFRAG kwenye diski inayogonga. Ni kweli hupanga mafaili yasomeke haraka, lakini huihamisha data huku na huku, na diski mgonjwa inaweza kukufia mikononi. Anza na mafaili yasiyo na nakala kokote. Michezo na programu achana nayo.

Ukishamaliza, tafuta kisomea flopi cha USB, hamishia kwenye flashi. Mafaili ya DBF yanafunguka kwenye LibreOffice Calc, bure. Sisi tulichapa orodha nzima. Nakala moja ipo kwa kikundi, nyingine imebandikwa ukutani, na yule mzee alimleta mjukuu wake amsomee mstari wa baba yake, pamoja na idadi ya miche.

Kama ofisini kwenu kuna mashine imefunikwa kitambaa, usiitupe kabla hujajua ndani mna majina ya nani. Kazi njema, tukutane shambani.