Orkoiyot, Mchawi na Mpaka wa Sotik

Msafiri atokaye Sotik kuelekea Kisii hupita Chebilat, soko lililoko mpakani mwa Bomet na Nyamira. Majani ya chai hayabadiliki rangi hapo, na mgeni hawezi kutambua Wakipsigis wanaishia wapi na Wakisii wanaanzia wapi. Wenyeji wanapajua. Walipajua mwaka 1992, wakapajua tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nyumba zilipoteketezwa na majirani wakakimbiana.

Aghalabu mgogoro huu huelezwa kwa lugha ya ardhi na kura. Maelezo hayo ni sahihi, ila yana pengo: dini imeachwa nje. Dini inayokusudiwa si ya makanisa, bali mamlaka ya orkoiyot, kiongozi wa kiroho wa ukoo wa Talai, ambaye bila baraka yake vijana hawakwenda vitani.

Mamlaka hayo yalivuka mipaka ya jamii. Wanandi walipomuua orkoiyot wao, Kimnyole arap Turukat, mwaka 1890, mwanawe Koitalel arap Samoei alibaki Nandi, na mwingine, Kipchomber arap Koilegei, akaenda kwa Wakipsigis. Basi ndugu wawili wakawa nguzo za jamii mbili. Mkoloni aliyetaka kupitisha reli na kugawa nyanda za juu hakuweza kulipuuza jambo hilo. Tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel aliuawa na Richard Meinertzhagen katika kikao kilichoitwa cha amani. Mwaka huohuo jeshi lilipelekwa Sotik kwa kisa cha mifugo ya Wamaasai, na baadaye ardhi ikagawiwa walowezi, waliowekwa kama ukuta baina ya Wakipsigis na Wakisii. Mwaka 1914 Kipchomber na nduguze wakahamishwa. Hatimaye, mwaka 1934, ikatungwa sheria mahususi ya kuuondoa ukoo mzima. Watu wapatao 700, wakiwamo watoto na vikongwe, walipelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, kwenye malaria na mbung'o.

Hapa mwanafunzi wa lugha ana la kusema. Sheria hiyo iliwaita watu hao laiboni, neno la Wamaasai, kana kwamba Wakipsigis hawakuwa na lao. Taarifa za maofisa nazo ziliwachora kama wachawi na wachochezi wa wizi wa mifugo. Kuhani hahamishwi pamoja na wajukuu zake pasipo aibu. Mchawi huhamishwa, na wahamishaji wakajiona wamesafisha nchi. Kiswahili nacho hakijatakasika katika jambo hili. Mganga, mwaguzi, mchawi, kuhani, nabii: kila neno lina hukumu yake ndani, na mfasiri anayemwita orkoiyot mchawi amekwisha kutoa hukumu kabla ya kusikiliza shahidi. Ni kweli kwamba Talai waliogopwa hata na watu wao. Kifo cha Kimnyole chatosha kuwa ushahidi. Lakini Mgala muue, na haki yake umpe.

Mbali na Sotik, katika milima ya Himalaya, uko mji wa Tawang wenye monasteri kubwa ya Wabudha. India inautawala, China inaudai. Dalai Lama wa Sita alizaliwa huko mwaka 1683, na wa Kumi na Nne alipitia hapo mwaka 1959 akikimbia kutoka Tibet. Alipoutembelea mji huo Aprili 2017, haikupita hata wiki mbili kabla ya Beijing kutangaza majina yake rasmi ya mahali sita katika eneo hilo. Huko pia jina na dini hutumika kuchora mpaka. Tofauti ni kwamba mtawa wa Tawang hugombewa, kwa kuwa historia yake huipa serikali hoja ya kudai ardhi. Orkoiyot hakugombewa na yeyote. Serikali iliitaka ardhi bila kuhani wake.

Talai walianza kurejeshwa Kericho mnamo 1962, wengi wao wakarudi bila shamba. Baada ya uhuru walowezi nao waliondoka, na sehemu ya mashamba yao ikawa makazi ya Wakisii huko Borabu. Ukuta ukabomoka, na jamii mbili zilizotenganishwa kwa makusudi zikabaki zikitazamana ana kwa ana. Hakuna awezaye kudai kwamba orkoiyot angeizuia mishale ya 1992. Baraka yake ndiyo iliyokuwa ikiwatuma vijana vitani. Walakini anayeweza kutuma ndiye pia anayeweza kukataza, na mkatazaji huyo alikwisha kuondolewa.

Mwaka 2022 wawakilishi wa Wakipsigis na Talai waliishtaki Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mwaka uliofuata Mfalme Charles alikuja Kenya, akaeleza masikitiko yake juu ya maovu ya ukoloni. Msamaha hakuomba.